Bonsai changa: Chungu kikubwa kabla ya mpaka au baada?

Gunia la maharage likichelewa siku mbili pale Namanga, mwenye mali hupoteza muda na hela ya chakula. Kreti ya miche ya bonsai ikichelewa siku hizo hizo, anaweza kupoteza mtaji mzima. Lakini mara nyingi foleni husingiziwa tu. Mti huwa umeshaanza kufa wiki moja nyuma, siku mwenye nao alipoutoa kwenye kopo dogo na kuutia kwenye chungu kikubwa ili upendeze machoni mwa mteja.

Biashara ya miti hii midogo imeingia taratibu katika vitalu vya kando ya barabara, kuanzia Nairobi hadi Arusha, Kampala na Kigali. Wanunuzi ni wenye ofisi, wenye hoteli, na watu wanaotafuta zawadi isiyonyauka baada ya siku tatu kama shada la maua. Inayouzwa si miti ya ajabu. Ni jamii ya mtini wa porini ambao Waganda huuita mutuba, ni mkwaju, mbuyu, mgunga, mzeituni wa porini, na waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama kiazi na maua mekundu au ya waridi.

Neno lenyewe ni la Kijapani: “bon” ni sinia au chombo kipana, “sai” ni kilichopandwa. Wajapani nao waliupata ufundi huu kutoka China. Hakuna aina ya mti iitwayo bonsai. Ni mti wa kawaida uliozuiwa kurefuka kwa kukatwa matawi na mizizi, ukatunzwa miaka mingi. Kule Washington, Marekani, katika bustani ya miti ya taifa, kuna msonobari ambao umekuwa ukitunzwa kwenye chombo tangu mwaka 1625. Ulinusurika bomu la atomiki la Hiroshima mwaka 1945, na mwaka 1976 familia iliyokuwa nao ikautoa zawadi kwa Wamarekani. Mti wa namna hiyo hauuziki. Mfanyabiashara wa kwetu anashughulika na mti wa mwaka mmoja, miwili au mitano, na mti wa umri huo una mahitaji tofauti kabisa na ya mzee yule.

BEI IPO KWENYE SHINA

Mnunuzi anayejua anachotafuta hutazama kwanza chini: unene wa shina, na jinsi mizizi ya juu ilivyotanda na kushika udongo. Majani yanaweza kuota upya ndani ya miezi michache. Shina halinunuliwi dukani.

Shina hunenepa pale mti unapokuwa na nafasi ya kusambaza mizizi na kuota matawi kwa uhuru. Ndiyo maana wakulima wa bonsai wenye uzoefu huacha miti michanga ardhini, au huipa vyombo vipana, kwa miaka kadhaa kabla ya kufikiria lile sinia la kuonyeshea. Mti uliowekwa kwenye sinia mapema karibu unasimama hapo ulipofika. Utaishi na utatoa majani, lakini shina lenye unene wa kalamu litabaki la kalamu kwa muda mrefu sana. Anayekimbilia sinia kwa sababu wateja wamezoea kuona picha za sinia anauza mti wa bei ya chini na kujifungia njia ya kuuza wa bei ya juu.

Kwa hiyo mche changa uhamishiwe chombo kikubwa zaidi, hilo halina ubishi. Ubishi upo kwenye kiasi. Wengi huruka kutoka kopo la nusu lita hadi ndoo ya lita kumi, wakidhani wameufanyia mti hisani.

Mche mdogo una mizizi michache. Ukiuzungushia udongo mwingi, sehemu kubwa ya udongo huo haina mzizi wa kunyonya maji. Maji yanakaa. Hewa inatoka, na mzizi unahitaji hewa kama unavyohitaji maji. Baada ya wiki mbili au tatu ncha za mizizi zinaoza na majani yanageuka manjano. Mwenye mti akiona majani yamelegea anadhani ni kiu, anaongeza maji. Hapo ndipo mti unapomalizika.

Kipimo kinachofaa ni kupanda ngazi moja moja. Chombo kipya kizidi cha zamani kwa sentimita tatu hadi tano upande wa mapana, na kina kisiongezeke sana. Mizizi ikijaa hapo, unapanda ngazi nyingine. Mtini unaokua kwa kasi kwenye joto la Pwani unaweza kudai chombo kipya kila mwaka. Mzeituni wa porini unaweza kukaa miaka miwili au mitatu bila kulalamika.

Mti wenyewe huonyesha kwamba wakati umefika. Maji yanayomwagwa juu hayazami haraka, yanaelea kwanza. Mizizi inachungulia kwenye matundu ya chini. Mti mzima unaanza kuinuka, kana kwamba kuna mtu anausukuma kutoka ndani. Ukiutoa, unakuta mizizi imezunguka ukuta wa kopo kama kamba iliyosokotwa. Mzunguko huo usipokatwa au kufunguliwa, utaendelea kujikaza hata ndani ya chungu kikubwa, na miaka mitano baadaye utakuwa umeikaba mizizi mingine.

KOKOTO CHINI YA CHUNGU

Kuna desturi iliyoenea vitaluni ya kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu “ili maji yapite”. Inaonekana ya busara, na haisaidii.

Njia rahisi ya kuelewa ni sponji ya kuoshea vyombo. Iloweshe, kisha ishike ikiwa imelala. Itadondosha maji, halafu itaacha. Sasa isimamishe wima bila kuikamua: inaanza kudondosha tena. Maji hayajaongezwa. Kilichobadilika ni kimo. Udongo hufanya vivyo hivyo. Chini ya kila chungu hubaki tabaka la maji ambalo uzito wake hautoshi kulishusha, na unene wa tabaka hilo hutegemea ukubwa wa chembe za udongo, si ukubwa wa chungu. Udongo laini hushika tabaka nene, udongo wa chembe kubwa hushika tabaka jembamba.

Ukiweka kokoto chini, lile tabaka la maji halishuki ndani ya kokoto. Linakaa juu yake, karibu zaidi na mizizi. Umepunguza kina cha udongo na kuupandishia mti maji.

Kwa sababu hiyo hiyo, sinia la bonsai ni hatari kwa mti uliopandwa kwenye udongo wa shamba. Kina cha sinia ni sentimita nne au tano tu, na udongo laini unaweza kulijaza maji karibu lote. Wajapani hawatumii udongo wa shamba kwenye masinia yao. Hutumia chembe ngumu zilizochekechwa, zinazoacha nafasi ya hewa katikati.

Katika nchi zetu mali hiyo ipo, tena kwa wingi. Bonde la Ufa limejaa mawe mepesi ya volkano yenye matundu, na wakulima wa maua wa Naivasha huyatumia kupandia. Ukanda wa Arusha na Meru una changarawe ya volkano. Musanze, Rwanda, na Goma, Kongo, zimekaa juu ya mawe ya volkano. Goma yenyewe ilifikiwa na mtiririko wa Nyiragongo mwaka 2002, na mwaka 2021 lava ikafika ukingoni mwa mji. Asiye karibu na volkano anaweza kuponda tofali lililochomwa vizuri. Tofali bichi halifai, litarudi kuwa tope.

Mchanganyiko unaofanya kazi kwa miche mingi ya ukanda huu ni sehemu mbili za changarawe ya volkano au tofali, na sehemu moja ya mboji iliyoiva au makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa chumvi. Chembe ziwe kati ya milimita mbili na sita. Kazi kubwa ni kuchekecha. Vumbi linalopita kwenye chekeche la unga litupwe, kwa sababu ndilo linaloziba. Pwani kwenye joto kali ongeza kidogo mboji au makumbi, vinginevyo utamwagilia mara tatu kwa siku. Nyanda za juu zenye baridi, punguza.

SIKU YA KUHAMISHA

Majira yanayofaa kwa miti mingi ni mwanzo wa mvua, vichomozi vinapoanza kuvimba: kuelekea masika mwezi Machi, au vuli mwezi Oktoba. Kusini mwa Tanzania, kwenye msimu mmoja wa mvua, ni Novemba. Julai kwenye miji iliyo juu ya mita 1,500, kama Nairobi na Kigali, si mwezi wa kugusa mizizi ya mti wa Pwani. Mkwaju uliotoka Tanga utasusa tu mpaka jua lirudi.

Vifaa vyote viwe tayari kabla mti haujatoka kwenye kopo. Chombo kipya kizibwe matundu kwa vipande vya wavu, na waya mwembamba upitishwe kutoka chini. Mti hutolewa udongo ukiwa na unyevu wa kiasi, si tope. Mizizi ya pembeni hufunguliwa kwa kijiti, kutoka shinani kwenda nje, kama mtu anayechana nywele. Ile inayozunguka hukatwa. Mzizi mkuu unaokwenda chini hufupishwa mti ukiwa bado mdogo, ili mizizi ya pembeni ichukue nafasi. Kwa mche wenye afya, kukata zaidi ya theluthi moja ya mizizi kwa mara moja ni kucheza kamari.

Baadhi ya wakulima huweka kigae au sahani iliyopinduliwa chini ya shina, ndani ya chungu. Mizizi ikikikuta hulazimika kutanda pembeni. Ni ujanja usiogharimu kitu, na baada ya miaka miwili tofauti kati ya mti uliowekewa kigae na usiowekewa huonekana kwa macho.

Kisha mti hufungwa kwa ule waya. Hatua hii wengi huiruka, na kwa mti utakaosafiri ndiyo muhimu kuliko zote. Mzizi mpya ni laini kama uzi wa mlenda. Kila mti unapotikisika, uzi unakatika. Mti usiofungwa, ukipanda basi kutoka Busia hadi Kampala, unafika ukiwa umekatika mizizi yote mipya, na majani yake yataeleza habari hiyo baada ya siku kumi.

Udongo husukumwa katikati ya mizizi kwa kijiti hadi pasibaki uwazi. Maji humwagwa mpaka yatoke chini yakiwa meupe. Baada ya hapo ni kivuli chepesi kwa wiki mbili au tatu, bila upepo mkali, na bila mbolea kwa muda wa mwezi hivi. Mbolea ya chumvichumvi kwenye vidonda vya mizizi huunguza.

Waridi la jangwani halifuati utaratibu huo. Mizizi yake iliyokatwa huachwa ikauke kivulini siku kadhaa kabla ya kupandwa, na baada ya kupandwa hukaa karibu wiki nzima bila maji. Ukilimwagilia siku hiyo hiyo, kidonda kinaoza kutoka ndani na shina linakuwa laini kama papai bovu. Utomvu wake ni sumu. Jamii kadhaa za Afrika Mashariki ziliupaka kwenye mishale ya kuwindia. Glavu zivaliwe, na watoto wasikabidhiwe kazi hiyo.

Mbuyu huhamishwa vizuri zaidi ukiwa hauna majani, karibu kuchipua. Mtini huvumilia karibu kila kitu. Mutuba wenyewe huoteshwa kwa kuchomeka gogo la tawi ardhini. Mgunga na bogenvilia hazipendi kuguswa mizizi. Hizo zihamishwe na tonge lake la udongo zima, ukikwangua pembeni kidogo tu.

MPAKANI, UDONGO NDIO KESI

Hapa ndipo swali la kabla au baada linapopata jibu lake.

Afisa wa karantini ya mimea hana ugomvi na mtini wala mkwaju. Anachokitazama ni udongo. Kijiko kimoja cha udongo kinaweza kubeba minyoo fundo, vimelea vya mnyauko bakteria unaoua nyanya na viazi, na mbegu za magugu. Kwa sababu hiyo nchi nyingi, zikiwemo za ukanda huu, hukataza udongo kuvuka mpaka, au huudhibiti kwa kibali maalumu. Mti uliopandwa kwa ustadi kwenye chungu kizuri chenye udongo wa shamba unaweza kuamriwa utolewe chunguni mbele ya mwenye nao, au kuteketezwa. Soko la pamoja lililoanza mwaka 2010 lilifungua mlango kwa bidhaa na watu. Halikufuta sheria za afya ya mimea.

Utaratibu una mpangilio wake, na kuukosea ndiyo chanzo cha hasara nyingi. Kwanza hupatikana kibali cha kuingiza mimea kutoka nchi inakokwenda. Kibali hicho ndicho kinachotaja masharti: aina ya mti, kama mizizi ioshwe, kama kuna dawa ya kutumika. Baada ya hapo ndipo wakaguzi wa nchi inakotoka hukagua miche kwa kufuata masharti hayo na kutoa cheti cha afya ya mimea. Kenya kazi hiyo ni ya KEPHIS. Tanzania ni ya TPHPA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Uganda ni idara ya ukaguzi ya wizara ya kilimo, Rwanda ni RICA, na Kongo ni SQAV. Anayeanza na cheti kabla ya kibali hujikuta na karatasi nzuri isiyojibu swali aliloulizwa.

Wafanyabiashara wadogo wengi wanaijua ile hati rahisi ya uasili wa bidhaa, inayotumika kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hati hiyo inahusu ushuru. Haisemi chochote kuhusu ugonjwa wa mti, wala haichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea. Wapo vijana wa mpakani watakaokuambia inatosha. Hao hawapotezi miche.

Sasa mahesabu ya mizizi. Mti uliohamishiwa chungu kikubwa Machi, ukaoshwa mizizi Aprili ili uvuke, kisha ukapandwa tena upande wa pili, umeguswa mara mbili ndani ya wiki chache. Mche mzuri huvumilia mara moja. Kwa hiyo mti wa kuuzwa ng'ambo ubaki kwenye kopo lake dogo mpaka siku ya safari. Mizizi ifunguliwe na kuoshwa siku ya ukaguzi, na chungu kikubwa kiwe kinausubiri upande wa pili, kikiwa na changarawe ya huko huko. Kuosha na kuhamisha vinakuwa tukio moja.

Mizizi iliyooshwa hufungwa kwenye makumbi ya nazi mapya au magazeti yaliyoloweshwa na kukamuliwa, halafu hufunikwa kwa mfuko unaoacha shina na majani nje. Mtini upunguzwe majani kwa nusu ili usipoteze maji njiani. Kwa namna hiyo mtini hukaa siku mbili tatu bila shida, waridi la jangwani hukaa zaidi ya wiki likiwa kavu kabisa, na mbuyu usio na majani nao si mtukutu. Mkwaju mdogo hupita kwa taabu. Mgunga na bogenvilia ni afadhali kuotesha upande ule ule wa mnunuzi kwa mbegu au vipande kuliko kuzivusha.

Ipo njia ya pili kwa mwenye subira: kuotesha miche tangu mwanzo kwenye changarawe na makumbi, bila chembe ya udongo wa shamba. Baadhi ya vibali hukubali mti kuvuka na kioteshi cha namna hiyo kikiwa safi. Baadhi hukataa. Ndiyo maana kibali husomwa kabla ya kupanda, si kabla ya kusafiri.

Uzito nao unaamua. Lita kumi za udongo wenye unyevu zina kilo kumi na tatu hadi kumi na saba. Miti sita ya namna hiyo inamaliza pikipiki. Miti ile ile sita, mizizi ikiwa imeoshwa, inaingia kwenye kapu moja la kubeba mkononi. Anayelipia buti la basi kwa kilo anajua tofauti hiyo bila kuelezwa.

Mifuko myeusi ya miche iulizwe mapema. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Vifungashio vya kilimo huwa na maelezo yake katika sheria hizo, lakini afisa wa kizuizini huona mfuko kwanza kabla ya kuona mche. Kopo la bati au chungu kidogo cha udongo uliochomwa halina maswali.

VYUNGU NI BIASHARA YAKE

Chungu hakina sababu ya kusafiri na mti. Wafinyanzi wapo kila nchi. Wakisi wa Ikombe, jirani na Matema kwenye Ziwa Nyasa, wanajulikana kwa vyungu vyembamba vyenye nakshi, na Rwanda na Burundi zina jadi ndefu ya ufinyanzi. Wengi wao hufinyanga vya kupikia na vya maji, visivyo na tundu chini. Mfanyabiashara akipeleka kipimo na kuomba matundu mawili ya upana wa kidole gumba, pamoja na vidogo viwili vya kupitishia waya, amepata bidhaa ambayo haihitaji cheti cha afya ya mimea. Matundu yatobolewe udongo ukiwa mbichi. Kutoboa chungu kilichokwisha kuchomwa ni kukigawa mara mbili.

Chungu kisichopakwa rangi ya kung'aa hupitisha hewa na hukauka haraka, jambo jema kwa nyanda za juu zenye mvua nyingi. Pwani hukausha mno, na hapo plastiki au chungu kilichopakwa hufaa zaidi, mradi kisikae juani. Plastiki nyeusi kwenye jua la saa saba huchoma mizizi iliyogusa ukuta.

MITI ILIYOCHIMBWA PORINI

Kishawishi kipo cha kuruka miaka yote hii ya kupandisha vyungu kwa kwenda kuchimba mti mnene porini. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa iliyong'olewa Kilifi ili ipelekwe Georgia ilizua kelele Kenya nzima, na Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanyike. Tangu hapo mbuyu, hata ule wa kwenye kopo, huibua swali la ulikotoka. Mwenye kitalu atunze kumbukumbu ya mbegu: lini aliotesha, wapi, mingapi. Daftari la shule linatosha.

Mishubiri, isipokuwa ile ya dawa iitwayo aloe vera, na jamii za mtupa na mnyaa zenye mashina ya nyama, zimo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Hizo hudai kibali kingine juu ya kile cha karantini. Wapo wanaozichanganya kwenye kreti moja na bonsai kwa kuwa zinapendeza pamoja. Kreti nzima huzuiliwa kwa sababu ya chungu kimoja.

Mzigo ukishavuka, miche ipandwe siku hiyo hiyo, jioni. Kama haiwezekani, mizizi ilowekwe kwenye ndoo ya maji kwa saa moja kisha ifungwe tena, isipokuwa waridi la jangwani ambalo linaachwa kavu lilivyo. Mnunuzi anayetaka kuondoka na mti saa ile ile auziwe ule uliovuka msimu uliopita, wenye majani mapya na usiotikisika ukishikwa shina. Uliovuka leo una wiki nne za kukaa kivulini kabla ya kuwekewa bei.